Baba Alikuwa Akishika Karabai



Kila mwaka tarehe 5 Oktoba, tangu mwaka 1994, dunia huadhimisha Siku ya Walimu. Tarehe hiyo ilichaguliwa kwa kuwa ndiyo siku ambayo mataifa, yalipokutana mjini Paris mwaka 1966, yalipitisha mapendekezo juu ya hadhi na haki za mwalimu. Ni desturi njema kuwapongeza walimu wote kwa pamoja siku kama hiyo. Mimi safari hii naomba nimkumbuke mmoja tu. Jina lake sitalitaja, maana alipokuwa hai hakupenda kutajwatajwa, na watoto wake wameirithi tabia hiyo.

Tulimzika miezi michache iliyopita, katika kijiji kisicho mbali na Iganga. Msimamizi wa shughuli alitangaza kwamba wanafunzi wa zamani watasemewa na mtu mmoja, kwa muda wa dakika mbili. Nikachaguliwa mimi, nadhani kwa sababu ya mvi na koti. Nikasimama, nikasema kwamba marehemu alikuwa mwalimu mwema, mwenye bidii na mpenda watoto, kisha nikaketi. Watu wakatikisa vichwa kwa kukubali. Lakini njiani nikirudi nyumbani niliona haya. Maneno yale yangemfaa mwalimu yeyote, hata yule wa darasa la pili aliyekuwa akisinzia juu ya meza kila baada ya chakula cha mchana.

Lililonizuia kusema zaidi ni hili: mwalimu yule hawezi kusifiwa kwa haki bila kufichua siri ya marehemu baba yangu. Siri hiyo imehifadhiwa nyumbani mwetu kwa muda wa miaka karibu hamsini. Nimekwenda kwa mama kumwomba ruhusa, naye amenipa, kwa sharti moja ambalo nitalieleza mahali pake.

Baba alikuwa askari. Aliandikwa jeshini mwaka 1958, wakati kikosi cha Jinja kingali kikiitwa King's African Rifles, na Uhuru ulipokuja mwaka 1962 alikuwa na miaka minne ya utumishi. Mimi nilizaliwa na kukulia katika nyumba za askari, ambazo sote tuliziita layini. Katika layini yetu kulikuwa na jamaa za Kilugbara, za Kiacholi, za Kiteso, za Kisoga, na Wanubi waliokuja kutoka Bombo. Kila mama alipika kwa lugha yake, lakini kisimani na uwanjani sote tulisema Kiswahili.

Kiswahili gani? Msomaji aliyezaliwa kambini anakijua. Askari wa zamani walikusanywa kutoka makabila mengi, na lugha waliyopewa ilikuwa ya kutosha kutoa amri na kuitika. Haikuwa na haja ya kuuliza hali ya mgonjwa wala kumbembeleza mtoto. Tulisema "mtu ile", "kitu ile", "maji ile". Neno moja lilivaliwa na vitu vyote, kama sare. Tulipotaka kitu tulisema "leta". Tulipotaka mtu aondoke tulisema "toka". Raia wa nje ya kambi, aliposikia Kiswahili, moyo wake ulishtuka, na katika miaka ile alikuwa na sababu ya kushtuka. Mwaka 1973 serikali ya wakati ule ilitangaza kuwa Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, lakini tangazo halikuweza kuondoa hofu hiyo. Pengine liliiongeza.

Mwalimu wetu alifika mwaka 1975, nikiwa darasa la nne katika shule ya msingi iliyokuwa karibu na kambi. Alikuwa mzaliwa wa Busoga, lakini utoto wake wote aliupitisha Mombasa, kwa kuwa baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Reli ile iliyotoka Mombasa ilivuka mto Nile pale pale Jinja mwaka 1931, ikasafirisha pamba na kahawa kwa miaka mingi. Kwetu ilituletea Kiswahili chake. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ndogo, na sisi watoto wa askari tulidhani tutamshinda kabla ya mwisho wa juma.

Siku ya kwanza mvulana mmoja alinyosha mkono akasema, "Leta chaki." Mwalimu akamtazama kwa upole, akamwambia aketi. Mvulana akasimama tena, akasema kwa sauti kubwa zaidi, maana alidhani hakusikiwa. Akaambiwa aketi. Mara ya tatu mwalimu akamwuliza, "Mimi ni kuruta wako?" Darasa zima likacheka, na mvulana, ambaye siku hizi ni babu mwenye heshima zake, hajasahau mpaka leo. Siku hiyo tulifundishwa maneno manne tu: naomba, tafadhali, samahani, ahsante. Tulipewa kwenda kuyatumia nyumbani na kuleta habari.

Kisha akaanza ngeli. Nimesoma vitabu kadhaa vya sarufi tangu siku zile, na bado sijaona aliyeieleza vizuri kuliko yeye. Alichora layini za kambi ubaoni, akasema, "Maneno nayo yana layini zake. Layini ya kwanza wanakaa watu na wanyama: mtu yule, watu wale. Ya pili inakaa miti: mti ule, miti ile. Ya tatu inakaa mawe: jiwe lile, mawe yale. Ya nne vitu: kitu kile, vitu vile." Akaendelea hivyo mpaka ubao ukajaa. Halafu akageuka akatuuliza, "Huyu 'ile' anazo nyumba zake, anakaa na miti na nyumba. Kwa nini ninyi mnamtembeza katika kila mlango, kama mlevi siku ya mshahara?" Watoto wa layini hawakuhitaji maelezo zaidi. Sote tulimjua mlevi wa siku ya mshahara, na wengine tulikuwa watoto wake.

Sasa nifike kwa baba. Jioni moja tulikuwa tukila. Baba akamwambia mama, kama alivyomwambia kila siku, "Leta maji ile." Nami, kwa upumbavu wa miaka kumi, nikasema, "Baba, ni maji yale. Tena haisemwi leta, inasemwa naomba." Mama alibaki amesimama na kata mkononi. Baba hakunipiga. Aliniuliza tu, "Nani amekufundisha kumsahihisha baba yako?" Nikamtaja mwalimu. Akamaliza kula bila kusema neno jingine, na usiku ule sikulala.

Asubuhi yake alikuja shuleni amevaa sare kamili na viatu vya kambi. Msomaji kijana asidhani lilikuwa jambo dogo. Katika miaka ile, askari mwenye sare aliyeingia mahali pa raia huku amekasirika aliweza kufanya mengi, na hakuna aliyeuliza. Mwalimu mkuu alikumbuka ghafla kwamba ana shughuli mjini. Sisi tulijibanza chini ya dirisha la chumba cha walimu, mimi nikiwa wa mbele, nikiwa na hakika kwamba nimemwua mwalimu wangu.

Mwalimu alisimama, akainamisha kichwa kidogo, akasema, "Shikamoo, baba."

Baba alinyamaza. Alikuwa amezoea kuambiwa "Jambo, afande" au kutoambiwa kitu. Salamu ile hakuijua jibu lake. Nilimwona midomo ikitafuta neno na kulikosa. Mwalimu akamtolea kiti, akampa habari za maendeleo yangu, akaeleza kwamba nina akili lakini sina adabu ya kutosha, na kwamba kumsahihisha mzazi mbele ya chakula ni kosa, naye ataniadhibu kwa hilo. (Aliniadhibu kweli; nilichota maji ya shule juma zima.) Kisha akatoa karatasi ya ripoti, akaomba baba aisome na kutia sahihi.

Baba akachukua kalamu akaandika jina lake chini, taratibu, herufi moja baada ya nyingine. Mwalimu akasema, "Naomba usome kwanza, baba, usije ukatia sahihi jambo usilolikubali."

Baba akasema, "Miwani nimeiacha nyumbani."

Baba hakuwa na miwani. Hakuwahi kuwa nayo. Mimi nilijua, na nadhani mwalimu naye alijua wakati ule ule. Hakutabasamu, wala hakutazama dirishani tulikokuwa. Alisema tu, "Basi nitakusomea," akamsomea. Baba aliposimama kuondoka, mwalimu akamsimamisha kwa ombi. Alikuwa na darasa la akina mama wa layini kila Jumanne na Alhamisi jioni, la kusoma na kuandika. Ingawa bwawa la umeme la Owen Falls lilikuwa pale pale Jinja tangu mwaka 1954, shule yetu haikuwa na taa hata moja. Karabai alikuwa nayo, lakini hakuweza kuipiga pampu na kufundisha kwa wakati mmoja, na akina mama waliiogopa. Alihitaji mtu wa kuaminika wa kuishika mpaka mwisho wa somo. Je, baba angeweza kumsaidia pale asipokuwa zamu?

Baba alikubali. Aliingia shuleni kwa hasira akatoka amepewa kazi.

Tangu juma lile tukaambiwa kwamba baba ana lindo la Jumanne na Alhamisi. Mama naye alikwenda "kwa mwalimu kushona". Waliondoka kwa njia mbili mbali mbali na kurudi kwa njia mbili mbali mbali. Usiku mmoja dada yangu mdogo alishikwa na homa nikatumwa na jirani kumwita mama. Nilipofika mlangoni niliona akina mama kama kumi na wawili juu ya madawati ya watoto, na nyuma kabisa, mahali ambapo mwanga wa karabai haukumfikia mtu usoni, niliona baba. Karabai ilikuwa imetundikwa kwenye msumari. Haikuhitaji kushikwa na mtu. Baba alikuwa ameinama juu ya daftari lililokaa gotini mwake, na ulimi umetoka pembeni ya mdomo kama mtoto wa darasa la kwanza.

Aliniona. Tulitazamana. Mwalimu akaja upesi mlangoni, akasikiliza habari ya homa, akamtuma mama, na mimi akanishika bega akasema, "Baba yako anatusaidia kushika taa. Umeelewa?" Nikasema nimeelewa. Tangu siku ile mimi na baba hatukulizungumza jambo hilo hata mara moja, mpaka alipofariki mwaka 1991.

Nimefikiri sana juu ya msumari ule. Mwalimu mwingine, mwema vile vile, angemwambia baba kwa huruma kwamba si aibu kutojua kusoma na kwamba karibu darasani. Baba asingekuja kamwe. Koplo hawezi kukaa mbele ya wake za askari wake akifundishwa "a, e, i, o, u". Mwalimu wetu alitambua kwamba kabla ya kumpa mtu herufi lazima ampe mahali pa kukaa pasipomvunjia heshima, na mahali hapo palikuwa nyuma ya taa. Sijui kama jambo hili hufundishwa katika vyuo vya ualimu. Nadhani halifundishiki.

Miaka ile haikuwa rahisi kwake. Sukari, sabuni na chumvi vilikuwa vya magendo, na mshahara wa mwalimu haukununua hata nusu ya mahitaji ya mwezi. Walimu wengi walivuka mpaka kwenda Kenya na mbali zaidi. Yeye alikuwa na ndugu Mombasa na lugha ya kumwezesha kupata kazi huko kesho yake, lakini hakwenda, hata Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na ndugu zake wakabaki ng'ambo. Chaki ilipokwisha aliandika kwa muhogo mkavu. Baba aliwahi kumpelekea mche mzima wa sabuni kutoka duka la jeshi. Aliupokea kwa shukrani, akaukata vipande kumi na viwili kwa uzi mbele ya darasa, akawagawia akina mama. Baba alirudi nyumbani amenuna, kisha akacheka peke yake.

Oktoba 1978 majeshi ya Uganda yaliingia Kagera, na vita vikaanza. Kikosi cha baba kilipelekwa upande wa Masaka. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilitekwa, na tarehe 22 mwezi huo huo Watanzania wakaingia Jinja. Layini zilikuwa zimebaki tupu. Askari waliokimbia waliondoka na waliyeweza, na sisi hatukuwa na wa kutuchukua. Kuwa mke au mtoto wa askari wa jeshi lililoshindwa, katika majuma yale, halikuwa jambo la kusema mbele ya watu. Raia walikuwa na machungu yao ya miaka minane, na mengi yalikuwa ya haki.

Mwalimu alikuja kutuchukua mwenyewe, alfajiri. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili, na alikuwa na watoto watatu. Sisi tulikuwa sita pamoja na mama. Tulikaa kwake miezi mitano. Majirani walipouliza alisema ni wageni wake, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Njiani asubuhi ile tulisimamishwa na askari wa Kitanzania penye kizuizi. Nilikuwa wa mbele, nimebeba mzigo wa nguo kichwani, na miguu ilikuwa ikinitetemeka. Nilimwambia, "Shikamoo, afande." Akaitika bila kufikiri, kama mtu aliyeamkiwa mlangoni kwao, "Marahaba, mwanangu. Mnakwenda wapi na mizigo?" Nikamjibu kwamba tunamfuata mwalimu wetu. Akatupisha. Kiongozi wa nchi yake naye aliitwa Mwalimu na kila mtu, na cheti chake cha ualimu alikipata kwetu Makerere mwaka 1945. Pengine neno hilo lilitusaidia, pengine askari yule alikuwa amechoka tu. Nilimsikia mwalimu nyuma yangu akivuta pumzi.

Habari za baba hatukuzipata mpaka karibu na mwisho wa mwaka. Ikaja barua shuleni, kwa jina la mwalimu. Baba alikuwa miongoni mwa askari waliojisalimisha na kuwekwa kizuizini. Mama aliisoma kwa sauti jikoni, sisi watoto tumeketi chini, na kwa kuwa barua ilikuwa ya mwalimu alimrudishia. Mimi sikuiona. Baba alifunguliwa baadaye, akarudi kijijini kulima, na kila Jumapili alikuwa akisoma gazeti lote mpaka matangazo ya vifo, kwa sauti, tutake tusitake.

Mimi niliingia polisi, nikatumikia mpaka kustaafu. Sitasema mengi juu ya hayo. Nitasema tu kwamba nilipokuwa kijana kwenye kaunta, usiku mmoja aliingia mama aliyeibiwa, nikamsemesha kwa Kiswahili, akarudi nyuma mpaka ukutani. Nikakumbuka kiti alichotolewa baba. Nikatoka nyuma ya kaunta, nikavuta benchi, nikasema, "Karibu, mama, naomba uketi, pole kwa yaliyokupata." Ilichukua muda, lakini alieleza. Mwaka 2005 katiba yetu ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaazimia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Nimefurahi. Ningewaomba tu walimu watakaopewa kazi hiyo waanze na yale maneno manne kabla ya ngeli, maana wako wazazi nchini humu ambao Kiswahili cha mwisho walichokisikia kilikuwa "toka".

Siku ya maziko, watu walipokwisha kutawanyika, binti wa marehemu aliniita kando akanipa bahasha iliyokunjwa mara nyingi. Alisema mama yake aliiweka ndani ya kitabu cha mahudhurio cha mwaka 1979, na aliagiza nipewe mimi. Ilikuwa barua ya baba.

Ina mistari minne, ya penseli, herufi kubwa zinazopanda kilima kuelekea mwisho wa karatasi. Inasema: Kwa mwalimu. Mimi ni mzima. Watoto wako wapi na mama yao yuko wapi. Naomba jibu. Lakini mstari wa tatu haukuandikwa hivyo mara ya kwanza. Baba alikuwa ameandika "watoto ile". Kisha akalikata neno "ile" kwa mstari mmoja, ulionyoka kama wa rula, na juu yake, kwa herufi ndogo zilizobanwa, akaandika "wale".

Nilimpelekea mama nikamwonyesha. Aliishika karatasi kwa muda mrefu, akaiweka mbali na macho kisha karibu, kwa kuwa yeye miwani anayo lakini haivai. Hapo ndipo nilipomwomba ruhusa ya kuandika habari hizi.

"Andika," akasema. "Lakini andika na hili, kwamba kwa hesabu mimi nilimshinda."